Pikapu ya familia: Ibebe mzigo wa soko, isile ada ya watoto

KUNAPOPAMBAZUKA siku ya soko huko Lukozi, wilayani Lushoto, pikapu huwa zimeshajipanga zikisubiri kabichi, karoti, viazi na pilipili hoho. Sehemu ya mzigo huo hushuka kupitia Magamba, Lushoto mjini na Soni hadi Mombo, kwenye barabara kuu, na kutoka hapo husafiri kwa malori kwenda katika masoko ya Dar es Salaam kama vile Ilala na Mabibo.

Zipo pikapu za wafanyabiashara wakubwa, lakini zipo pia za familia. Hizi za familia huwa na kazi mbili. Gari lililobeba magunia alfajiri ndilo hilo hilo linalowapeleka watoto shuleni, linalombeba mgonjwa usiku, na linalokwenda kuchukua mbolea na mbegu msimu unapoanza.

Ndiyo maana gari kama hilo likilala gereji wiki mbili, si biashara pekee inayosimama. Fedha ya sare na madaftari husimama, ada ya mtoto aliye chuoni husimama, na kabichi zilizokwisha komaa hubaki shambani zikipasuka huku bei ikishuka.

Wenye magari wengi hudhani kwamba mambo hayo ni bahati mbaya. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya matengenezo makubwa huanza na jambo dogo ambalo mwenye gari angeweza kuliona mwenyewe, nyumbani kwake, kwa spana chache na daftari moja la kurasa 40.

Dizeli si gharama pekee

Kosa la kwanza hufanyika kwenye hesabu. Mwenye pikapu hulipwa nauli ya mzigo, hutoa fedha ya dizeli, na kinachobaki hukiita faida. Hesabu hiyo ina pengo kubwa.

Chukua mfano wa familia yenye watoto watatu iliyonunua Toyota Hilux ya dizeli iliyotumika, yenye kebini moja, kwa Sh20 milioni. Gari hilo linafanya safari tatu kwa wiki, yaani kama safari 150 kwa mwaka, na kila safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 100. Kwa mwaka ni kilomita 15,000. Bei zote katika hesabu hii ni za mfano tu. Kila mwenye gari aweke za kwake, na kwa upande wa dizeli afuate bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA.

Tuseme gari linakwenda kilomita 10 kwa lita moja, na lita ni Sh3,000. Safari moja inakula dizeli ya Sh30,000. Gari likibeba magunia 10 kwa Sh6,000 kila moja, nauli ni Sh60,000. Mwenye gari anaona amepata Sh30,000 safi.

Sasa tuongeze yale yasiyoonekana siku hiyo.

Matairi manne kwa Sh1.2 milioni yakidumu kilomita 40,000 ni Sh30 kwa kila kilomita, yaani Sh3,000 kwa safari. Oili ya injini na filta kwa Sh90,000 kila kilomita 5,000 ni Sh1,800 kwa safari. Breki, boshi, shokapu, beringi na springi, zikikadiriwa kwa Sh600,000 kwa mwaka, ni Sh4,000 kwa safari. Betri ya Sh240,000 inayodumu miaka miwili ni Sh800. Taimingi belti, ikigharimu Sh250,000 pamoja na ufundi kila kilomita 100,000, ni Sh250. Bima na vibali vikifika Sh450,000 kwa mwaka ni Sh3,000 kwa safari.

Mwisho ni uchakavu wa gari lenyewe. Gari la Sh20 milioni likiuzwa baada ya miaka mitano kwa Sh12.5 milioni, familia imepoteza Sh7.5 milioni, ambazo ni Sh1.5 milioni kwa mwaka au Sh10,000 kwa kila safari.

Ukijumlisha gharama hizi zisizoonekana unapata Sh22,850. Ukiongeza na dizeli, safari moja inagharimu Sh52,850. Kumbe faida halisi si Sh30,000 bali Sh7,150, na hapo dereva, ambaye mara nyingi ni baba au mama mwenye gari, hajajilipa hata senti moja kwa siku nzima aliyokaa barabarani.

Kwa mwaka mzima Sh22,850 hizo ni zaidi ya Sh3.4 milioni. Hii ndiyo fedha ambayo familia nyingi huila bila kujua, kisha siku matairi yanapokwisha au injini inapokufa hulazimika kuuza ng'ombe au kukopa.

Njia iliyo rahisi ni kutenganisha fedha kila safari inapomalizika. Dizeli inajulikana. Kando yake iwekwe fedha ya gari, hata kama ni katika akaunti ya simu ya mkononi isiyoguswa kwa matumizi ya nyumbani. Kinachobaki baada ya hapo ndicho mapato ya familia. Na mwenye mzigo akitaka kubebewa kwa Sh4,000 kwa gunia, mwenye gari anayejua hesabu yake ataona mara moja kwamba Sh40,000 zinalipa dizeli na si zaidi sana ya hapo, hivyo yeye ndiye atakayekuwa anamfadhili mwenye mzigo.

Dakika 20 za Jumamosi jioni

Kazi nyingi za kulitunza gari hazihitaji fundi. Mzazi anayetenga dakika 20 kila Jumamosi jioni au asubuhi kabla ya gari kuwashwa anaweza kukagua karibu kila kitu muhimu.

Aanze na oili ya injini. Gari liwe mahali tambarare na injini iwe imepoa. Kijiti cha kupimia kifutwe, kirudishwe, kisha kisomwe. Oili ikipungua kila wiki, inavuja au inaungua, na sababu itafutwe mapema. Kwa barabara za vumbi na milima, kubadilisha oili na filta kila kilomita 5,000 ni utaratibu mzuri. Kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani kwa spana moja, beseni na funguo ya filta. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala kwenye kijito, kwa sababu wa chini wanayatumia maji hayo hayo.

Kisha rejeta. Maji ya kijito huacha kutu na matope ndani ya njia nyembamba za rejeta. Ni afadhali kutumia kulanti, au walau maji safi pale inapobidi. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe hata siku moja injini ikiwa ya moto.

Filta ya hewa husahaulika sana. Katika barabara ya vumbi, filta iliyochanika au isiyokaa vizuri huruhusu mchanga mwembamba kuingia kwenye silinda na kuzila ringi. Gari huanza kutoa moshi, kula oili na kukosa nguvu mlimani, na fundi husema injini ifunguliwe. Filta inaweza kupulizwa kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, lakini ikichoka inunuliwe mpya. Bei yake haiwezi kulinganishwa na ya kufungua injini.

Kwa gari la dizeli, yako pia maji kwenye mafuta. Pikapu nyingi zina kikombe chini ya filta ya dizeli chenye kifungulio kidogo. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Kifungulio kikilegezwa na pampu ya mkono iliyo juu ya filta ikibonyezwa, maji hutoka kwanza, kisha dizeli safi. Maji yakiachwa yafike kwenye pampu na nozeli, gharama yake ni kubwa.

Feni belti iangaliwe kama ina nyufa au imelegea. Katika injini nyingi za dizeli za Toyota za miaka ya 1980 na 1990, zikiwemo 2L na 3L, belti hiyo haizungushi feni na pampu ya maji peke yake. Huzungusha pia alteneta, na nyuma ya alteneta kuna pampu ndogo inayovuta hewa kwa ajili ya kusaidia breki. Belti ikikatika, betri haichajiwi, injini inachemka, na baada ya kukanyaga mara chache pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Belti ya akiba na spana yake visikosekane chini ya kiti.

Matairi nayo yana lugha yake. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake ukiwa umezeeka na kupasuka ndani. Ipo pia namba ya uwezo wa kubeba. Tairi lenye namba 91 hubeba kilo 615, na lenye 106 hubeba kilo 950. Kufunga tairi la gari dogo kwenye pikapu kwa sababu tu linaingia kwenye rimu ni kuahirisha pancha itakayotokea siku ya mzigo mzito, kwenye kona. Kiasi cha upepo kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na matairi ya nyuma huhitaji upepo zaidi gari linapopakiwa.

Kila baada ya wiki chache, bomba la grisi lipitishwe kwenye krosi za propela shafti. Na kila gari linapovuka mto, oili ya difu ichunguzwe. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia na inapaswa kubadilishwa bila kungoja.

Mteremko na breki

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kiasi cha kilomita 32, na katika umbali huo barabara hushuka karibu mita 1,000 kwa kona zisizokwisha. Katika mteremko wa namna hiyo, gari la kilo 1,500 lililobeba tani moja hutegemea mambo mawili, yaani gia na breki.

Madereva wengine huachia gari nyutro wakiamini wanaokoa mafuta. Imani hiyo haina faida. Gari likishuka likiwa ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, pampu hupunguza au hukata kabisa dizeli, na injini yenyewe huzuia mwendo. Likiwa nyutro, injini inaendelea kula mafuta ya kuwaka tu, na kazi yote ya kuzuia mzigo inabaki kwa breki. Kanuni ya zamani bado ni nzuri: shuka kwa gia ambayo ungeipandia mlima huo huo.

Breki zikitumika mfululizo hupata joto kali, na joto hilo hufika kwenye fluidi. Fluidi ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Lakini fluidi hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri miaka inavyopita, na ikishanyonya, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Ikichemka hutoa mapovu, pedali inazama hadi sakafuni, na gari halisimami. Hii ndiyo sababu fluidi hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama haijapungua. Mwenye gari asikubali kuongezewa oili ya aina nyingine yoyote kwenye kikombe cha breki, kwa maana huvimbisha mipira na kuharibu mfumo mzima.

Yapo majaribio mawili yasiyohitaji kifaa. La kwanza, injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, endelea kuikanyaga kisha washa gari. Pedali ikishuka kidogo, msaada wa breki unafanya kazi. Isiposhuka, kuna tatizo. La pili, injini ikiwa inawaka, ikanyage pedali kwa nguvu kwa dakika moja. Ikizama polepole, kuna uvujaji, na gari lisiondoke na mzigo siku hiyo.

Harufu ya kuungua ikisikika njiani, gari liegeshwe na breki ziachwe zipoe zenyewe. Kumwagia maji ya baridi kwenye ngoma iliyopata moto kunaweza kuipasua.

Kurekebisha bodi kwa akili

Pikapu ikinunuliwa, mwenye nayo hutamani kuirekebisha ifanane na kazi yake. Hilo ni jambo jema, ila kila kilo ya chuma inayoongezwa ni kilo ya mazao inayoachwa.

Keji ya mabomba iliyochomelewa kuzunguka bodi husaidia kushika mzigo wa kabichi. Lakini keji ndefu na nzito hula uwezo wa gari na kuinua mzigo juu, na gari lenye mzigo wa juu huyumba kwenye kona. Inatosha keji isiyozidi urefu wa kebini, ifungwe kwa bolti badala ya kuchomelewa moja kwa moja, ili iweze kuvuliwa na ili kutu isianzie kwenye bodi.

Kwa mwenye nyanya au pilipili hoho, marekebisho yenye faida kubwa zaidi ni rafu ya mbao. Vibao viwili vinavyokaa juu ya pembe za chuma ndani ya bodi huwezesha kupanga kreti za plastiki kwa ghorofa, bila kreti ya juu kuibana ya chini. Nyanya haziminywi, na turubai likifungwa juu huku ubavuni kukiachwa nafasi ya hewa, mzigo haupati joto. Mpira mgumu wa kutandika chini huzuia kreti zisiteleze na kuzuia rangi ya bodi isichubuke. Pete za kufungia kamba zifungwe kwenye chasisi au kwenye sehemu imara za bodi, si kwenye bati jembamba la pembeni.

Marekebisho yanayopendwa sana, na yenye hatari isiyojulikana kwa wengi, ni kuongeza springi za nyuma. Springi ikiongezwa gari haliinami, na mwenye gari huamini sasa linaweza kubeba tani moja na nusu. Lakini chasisi, ekseli, beringi na breki ni vile vile.

Zaidi ya hayo, matoleo mengi ya Hilux na pikapu nyingine yana kifaa kidogo kilichounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Kifaa hicho hupima gari limeinama kiasi gani na hutoa nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Gari likiwa tupu hupunguza, likipakiwa huongeza. Springi ikiongezwa bila kifaa hicho kurekebishwa, gari lililojaa bado linasimama juu, kifaa kinadhani ni tupu, na breki za nyuma zinapewa nguvu ndogo. Mbele peke yake ndiko kunakobaki na kazi ya kusimamisha tani mbili na nusu. Anayeongeza springi hana budi kumwambia fundi aangalie fimbo hiyo pia.

Hapa ndipo suala la lumbesa linapoingia. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haiwaruhusu wafungashaji kuzidisha kilo 100 kwa gunia la mazao. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani moja, ambao ndio uwezo wa kawaida wa pikapu ya namna hii. Magunia 10 ya lumbesa yenye kilo 130 kila moja ni kilo 300 za ziada, sawa na kupakia magunia mengine matatu bila kulipwa. Lumbesa inamwibia mkulima shambani, kisha inamwibia mwenye gari barabarani.

Watoto watatu, viti vitatu

Kebini moja ina viti vitatu pamoja na cha dereva. Familia ya mfano wetu ina watoto watatu. Wa nne akaeli wapi? Jibu la wengi ni kwamba watoto wapande nyuma, juu ya mzigo au wakishika keji. Watoto wenyewe hupenda, kwa sababu kuna upepo.

Lakini bodi ya pikapu haina kiti wala mkanda. Breki moja ya ghafla humrusha mtoto mbele kwenye kebini au nje kabisa, na gari likipinduka hakuna cha kumlinda. Kuweka benchi ndani ya bodi hakubadilishi chochote, kwa kuwa benchi hilo nalo litaruka.

Ziko njia mbili, na zote zinaweza kupigiwa hesabu. Njia ya kwanza ni kufanya safari mbili za shule asubuhi, wawili kwanza kisha wa tatu, jioni wakarudi kwa miguu pamoja na wenzao. Shule ikiwa umbali wa kilomita tano, safari ya ziada ni kilomita 10, ambazo kwa dizeli na uchakavu wa matairi, oili na breki ni karibu Sh4,000 kwa siku. Kwa siku 190 za shule ni Sh760,000 kwa mwaka.

Njia ya pili ni kubadili na kuchukua pikapu ya kebini mbili. Hapo watoto wote hukaa ndani, lakini bodi inakuwa fupi. Ikipunguza magunia mawili tu kwa kila safari, familia inapoteza Sh12,000 kwa safari, au Sh1.8 milioni kwa mwaka. Kwa familia inayoishi kwa kubeba mzigo, safari mbili za shule ni nafuu. Kwa familia inayosafiri mara kwa mara pamoja kwa umbali mrefu, kebini mbili inafaa zaidi. Kumpandisha mtoto nyuma kunaonekana bure kwa sababu gharama yake haiandikwi kwenye daftari mpaka siku ya ajali.

Ndani ya kebini, mikanda ikaguliwe. Katika magari mengi yaliyotumika mikanda imekatwa, imefichwa chini ya kitambaa cha kiti au imekwama. Kuifunga upya ni miongoni mwa marekebisho ya kwanza yanayopaswa kufanywa, kabla ya redio na taa za urembo. Mkanda mmoja usifungwe kwa watoto wawili, na mtoto mdogo asipakatwe mbele ya dereva. Kama gari lina mfuko wa hewa upande wa abiria, kiti cha kichanga kinachoangalia nyuma kisiwekwe hapo kamwe.

Hatari nyingine iko uani. Nyuma ya pikapu kuna sehemu kubwa ambayo dereva haoni, na mtoto wa miaka miwili ni mfupi kuliko mlango wa bodi. Kabla ya kurudi nyuma, dereva ashuke, azunguke gari, na awaone watoto wote kwa macho yake. Desturi ya watoto kusimama barazani wakati baba au mama anapowasha gari haigharimu kitu.

Vimiminika vya gari visiwekwe kwenye chupa za soda au maji. Dizeli, maji ya betri na fluidi ya breki ni sumu, na kulanti ya kawaida ina ladha tamu inayomvutia mtoto. Viwekwe kwenye madumu yenye maandishi, juu, na pafungwe kwa kufuli.

Hata hivyo, watoto wasifukuzwe kwenye gari. Mtoto wa miaka 12 anaweza kusoma kijiti cha oili, kupima upepo wa matairi, kukagua taa na kuandika kilomita kwenye daftari. Mipaka iwekwe wazi: haingii chini ya gari lililopandishwa kwa jeki, hagusi rejeta yenye moto, na gari haliwashwi ndani ya banda lililofungwa kwa sababu moshi wake unaua. Mzazi naye afuate sheria hiyo hiyo. Jeki ni ya kuinulia tu. Kabla ya kuingia chini, gari likalishwe kwenye stendi imara na magurudumu yazuiwe kwa magogo.

Kazi ya kuachiwa fundi

Kujitengenezea si kujifanya fundi wa kila kitu. Pampu na nozeli, usukani, giaboksi na taimingi belti ni kazi za fundi mwenye vifaa na ujuzi.

Taimingi belti inastahili kutajwa peke yake. Katika injini za 2L na 3L, belti hii ikikatika pistoni hugonga valvu na injini huharibika papo hapo. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka gari linapofikisha kilomita 100,000, lakini katika gari lililotumika taa hiyo inaweza kuwa imezimwa bila belti kubadilishwa. Anayenunua gari la namna hiyo abadilishe belti kwanza, ndipo aanze kubeba mzigo.

Mwenye gari asimame karibu na fundi wakati wa kazi, aombe spea ya zamani aione, na anunue spea mwenyewe kwenye duka linalotoa risiti. Kwa anayetaka kujifunza zaidi, vyuo vya VETA hutoa mafunzo ya ufundi wa magari na udereva.

Karatasi nazo ni matengenezo

Bima ndogo hulipa madhara waliyoyapata watu wengine. Hailipi gari la mwenye bima wala kabichi zilizomwagika. Gari linalobeba mizigo ya watu kwa malipo huku bima yake ikisema ni la matumizi binafsi linaweza kukataliwa fidia siku ya ajali, hivyo matumizi halisi yaandikwe. Kibali cha kubeba mizigo kibiashara hutolewa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Ile ada ya leseni ya gari iliyokuwa ikilipwa TRA kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, na fedha yake ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, hivyo iko ndani ya kila lita.

Yote haya huishia kwenye daftari. Ukurasa wa kushoto uandikwe tarehe, kilomita, mzigo na nauli. Wa kulia uandikwe dizeli, spea, na fedha iliyowekwa akiba. Baada ya miezi sita familia itajua kwa hakika gari linaingiza au linakula, spea ipi inakufa mapema kuliko kawaida, na ni bei gani ya gunia isiyopaswa kukubaliwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwenye pikapu ukuta huo hujengwa kwa fedha ya ada. Belti ya akiba chini ya kiti, fluidi mpya kwenye breki na watoto waliofungwa mikanda ndani ya kebini ni gharama ndogo kwa gari linaloshuka Soni na tani moja ya kabichi mgongoni.